UZI: Login, @, CC, spamu, emoji... maneno ya kuwasiliana kwa kompyuta yalitoka wapi?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila siku tunaandika login, tunaweka @ kwenye anwani, tunamwekea mkubwa wa kazi CC, tunalalamikia spamu. Ni mara chache mtu anauliza maneno haya yalizaliwa wapi. Mimi nimeyafuatilia kwa muda mrefu kwa sababu nayapenda, na nilichokiona ni hiki: wahandisi waliojenga mitandao ya kwanza hawakubuni maneno mengi. Waliazima. Walichukua lugha ya mabaharia, ya wachuuzi, ya makarani na ya mafundi wa telegrafu wakaihamishia kwenye mashine. Ukiijua ile kazi ya zamani, mara nyingi unaelewa na mashine inavyofanya kazi. Ndiyo maana nimeona tulijadili.

Nianze na login, maana mtandao wenyewe ulianza nayo. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, Charley Kline, mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, alikaa mbele ya mashine akiwa na simu sikioni. Upande wa pili alikuwepo Bill Duvall, kwenye taasisi ya utafiti ya SRI, kaskazini zaidi katika jimbo hilohilo la California. Kline akabonyeza L, akauliza kama imefika. Imefika. Akabonyeza O. Imefika. Alipobonyeza G, mfumo wa SRI ukaanguka. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kabisa uliopita kwenye ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti, ni herufi mbili tu: LO. Baada ya kama saa moja hivi walirekebisha, neno zima likapita.

Sasa hiyo "log" ni gogo. Gogo kweli. Mabaharia wa zamani walipotaka kujua mwendo wa meli walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo yaliyoachana kwa nafasi sawa. Ubao unabaki nyuma, kamba inafunguka, mmoja ameshika kioo cha mchanga na mwingine anahesabu mafundo yanayompita mkononi. Idadi ya mafundo ndiyo kasi, na mpaka leo kasi ya meli na ya ndege inapimwa kwa noti, yaani hayohayo mafundo. Hesabu iliandikwa kwenye daftari, na daftari likachukua jina la gogo. Baadaye kila daftari la kuandika nani kaingia, nani katoka na nini kimetokea likaitwa hivyohivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT kilikuwa na mfumo unaoitwa CTSS, ambapo watu wengi walitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mashine ilikuwa ghali mno, kwa hiyo kila mtu alikuwa na mgao wake wa muda, na ilibidi ijulikane nani yuko ndani. Amri ya kuingia ikawa LOGIN: jiandikishe daftarini. Neno la siri nalo lilikuwepo kwenye mfumo huohuo. Kwa hiyo unapo-login leo, kwa maana ya asili unasaini daftari la mlangoni, na seva kweli inaandika jina lako na saa uliyoingia.

Neno la pili ninalolipenda zaidi ni pakiti, kwa sababu hili ni kati ya machache ambayo mtu alikaa akalichagua kwa makusudi.

Simu za zamani zilifanya kazi kwa kukushikia njia nzima. Ukipiga, waya kutoka kwako hadi kwa mwenzako unakuwa wenu wawili hadi mkate simu, hata mkikaa kimya. Kompyuta haziongei hivyo. Zinatoa data nyingi ghafla, kisha kimya kirefu, kisha nyingi tena. Kuzishikia njia muda wote ni hasara. Watu wawili, kila mmoja bila kujua kazi ya mwenzake, walifikia jibu moja: kata ujumbe vipande vidogo, kila kipande kiandikwe kinakokwenda, kisha kila kipande kitafute njia yake na vyote viunganishwe mwishoni.

Paul Baran, wa shirika la RAND huko Marekani, alikuwa anawaza jinsi mawasiliano yatakavyobaki hai baada ya shambulio la nyuklia, na aliandika ripoti zake mapema, zikatoka mwaka 1964. Yeye aliviita vipande hivyo "bloku za ujumbe", na mbinu nzima akaipa jina refu la maneno matano ambalo sijawahi kusikia mtu akilitamka bila kusoma. Donald Davies, wa maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza pale Teddington, hakuwa na habari ya vita. Alitaka watu wengi waitumie kompyuta kutoka mbali bila kusubiriana. Kufikia 1966 alikuwa ameshachagua neno lake: pakiti, kifurushi kidogo. Kabla ya kulipitisha aliuliza mtaalamu wa lugha kama litavuka vizuri kwenda lugha nyingine. Baran alitangulia kwa wazo, lakini neno lililobaki duniani ni la Davies, na nadhani alistahili. Kifurushi kinakuambia mambo matatu kwa mpigo: ni kidogo, kimefungwa, na juu yake kuna anwani. Hayo ndiyo yote unayohitaji kujua kuhusu pakiti ili uanze kuelewa intaneti.

Maabara hiyohiyo ndiyo iliyotumia neno protokali kwa maana ya kompyuta, kwenye waraka wa mwaka 1967. Hili lina safari ndefu zaidi. Kwa Kigiriki cha kale ni "gundi ya kwanza": karatasi iliyogundishwa mwanzoni mwa gombo la mafunjo, ikieleza gombo lina nini. Likapita kwa mahakimu, likapita kwa mabalozi na taratibu zao za nani asalimie kwanza, ndipo likafika kwa kompyuta ambazo nazo lazima zisalimiane kwa mpangilio kabla ya kupeana data. Kiswahili chetu kinasema itifaki, neno la Kiarabu lenye maana ya makubaliano. Kwa maoni yangu sisi tuna neno bora kuliko wao, kwa sababu itifaki ya mtandao ndivyo ilivyo: pande mbili zimekubaliana namna ya kuongea, wala hakuna gundi hapo.

Karibuni tuendelee. Anayejua asili ya neno lolote alete, anayetaka kuuliza aulize.

Mdau

Mkuu ubarikiwe kwa uzi huu. Naongezea la modemu, maana nimefanya kazi na mitambo ya simu. Modemu ni vichwa vya maneno mawili vilivyounganishwa: kifaa cha kumodyuleti na cha kudemodyuleti. Waya wa simu ulitengenezwa kubeba sauti, kompyuta inatoa sifuri na moja. Modemu inageuza sifuri na moja kuwa milio, ile ya upande wa pili inairudisha milio kuwa sifuri na moja. Modemu ya Bell 103 ya mwaka 1962 ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kasi hiyo watu waliiita baudi 300, na baudi ni jina la mtu: Émile Baudot, fundi wa telegrafu wa Ufaransa, aliyetengeneza msimbo wa herufi wa biti tano miaka ya 1870. Kwa hiyo Mfaransa wa enzi za telegrafu jina lake lilikuwa linasomwa kwenye visanduku vya modemu karne nzima baadaye.

Mleta mada

Asante sana mkuu, hii ni nondo. Na kwa kuwa umetaja biti: neno hilo alilitoa John Tukey wa maabara za Bell mwaka 1947, kwa kufupisha maneno ya Kiingereza binary digit, yaani tarakimu ya mfumo wa mbili (sifuri au moja), na Claude Shannon akalitumia mwaka 1948 kwenye andiko lake maarufu la nadharia ya mawasiliano, akimtaja Tukey kwa jina. Baiti, yaani kifungu cha biti kadhaa, ilikuja 1956 kwa Werner Buchholz wa IBM. Yeye aliiandika kwa herufi y (byte, si bite) kwa makusudi, ili mtu akiteleza kidogo asije akaandika biti.

Mdau

Mimi nataka kujua hiyo alama ya @. Nani aliiweka kwenye barua pepe, na kwa nini hiyo na si nyingine?

Mleta mada

Aliiweka Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, mwaka 1971. Kabla yake uliweza kumwachia mtu ujumbe ikiwa tu mnatumia kompyuta ileile moja. Tomlinson alikuwa na programu mbili, moja ya kuacha ujumbe na nyingine ya kuhamisha mafaili kati ya mashine, akaziunganisha. Hapo likaja tatizo: utaandikaje kwamba huyu mtu yuko kwenye mashine ile kule? Alihitaji alama isiyokuwemo kwenye jina la mtu yeyote. Akaangalia kibodi ya teletaipu yake, akaona @, ambayo kwa Kiingereza husomwa "kwenye" au "pale". Mtu fulani, pale mashine fulani. Ikakaa. Barua yake ya kwanza ya majaribio ilitoka mashine moja kwenda nyingine iliyokuwa chumba kilekile, na yeye mwenyewe alisema maneno yake hayakuwa ya kukumbukwa, pengine alipitisha tu vidole kwenye safu ya juu ya herufi.

Kibodi ilikuwa na @ kwa sababu ya wachuuzi. Kwenye ankara waliandika hivi: magunia 10 @ 5, yaani kila gunia kwa bei ya 5. Na kuna barua ya mfanyabiashara wa Firenze aitwaye Francesco Lapi, ya Mei 1536, ambamo @ imesimama badala ya amfora, mtungi uliotumika kama kipimo cha divai.

Kila lugha imeipa jina lake. Warusi wanaiita mbwa, Waitalia konokono, Waholanzi mkia wa tumbili, Wagiriki kifaranga cha bata, Wadenmaki a yenye mkonga. Lakini jina la Kihispania, ambalo Wareno nao wanalitumia, ndilo linalotuhusu: arroba. Huo ni uzito wa kale wa Uhispania, kilo 11 na nusu hivi, na waliuchukua kutoka Kiarabu, ar-rubu, yaani sehemu ya nne, kwa kuwa ulikuwa robo ya kintali. Ni robo hiyohiyo tunayoisema sisi kwenye robo saa na robo kilo. Mhispania akitaja anwani yake ya barua pepe, katikati anatamka robo.

Mdau

Na CC? Ofisini kwetu watu wanagombana kwa ajili ya CC.

Mleta mada

Hiyo ni karatasi ya kaboni, mkuu: carbon copy, nakala ya kaboni. Kwenye taipureta unapachika karatasi nyeupe, nyuma yake kaboni, nyuma yake nyeupe nyingine. Ukigonga herufi inatokea zote mbili. Chini ya barua karani anaandika c.c. na majina ya waliopewa nakala, ili mpokeaji mkuu ajue nani wengine wanasoma. BCC ni nakala ambayo jina la mpokeaji wake halikuandikwa kwenye barua halisi, limeandikwa kwenye nakala tu. Inbox nayo ni trei ya barua zinazoingia, iliyokaa pembeni ya meza. Sehemu hii yote ya barua pepe ni meza ya karani ilivyokuwa.

Mdau

Wi-Fi nilifundishwa darasani kwamba ni kifupi cha wireless fidelity, "uaminifu usio na waya". Na ping nayo nikaambiwa ni kifupi cha maneno matatu.

Mleta mada

Ndugu yangu, nashukuru umelileta hili, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotoshwa zaidi. Ukiambiwa neno la kompyuta ni kifupi, uliza ushahidi. Vifupi vingi vilitungwa baada ya neno kuwepo.

Wi-Fi si kifupi cha chochote. Mwaka 1999 kundi la makampuni lilikuwa na teknolojia yenye jina la IEEE 802.11b, wakaona hakuna mnunuzi atakayelikumbuka, wakaajiri kampuni ya kutunga majina, Interbrand. Ikatoka Wi-Fi, kwa sababu inafanana kimatamshi na hi-fi, jina la redio za sauti safi lililokuwa limeshazoeleka. Baadaye wakaweka kaulimbiu yenye hayo maneno ya uaminifu usio na waya, wakaiacha muda si mrefu, lakini watu wameshaidaka.

Ping aliiandika Mike Muuss, Desemba 1983, kwenye maabara ya jeshi la Marekani. Mtandao ulikuwa unasumbua akataka kujua mashine ya upande wa pili iko hai au la. Akatunga programu inayotuma pakiti ndogo na kusubiri mwangwi wake, kisha inapima muda ulioenda. Yeye mwenyewe alieleza kwamba jina ni mlio wa sona, kile kifaa cha nyambizi kinachopiga sauti majini na kusikiliza inavyorudi. Yale maneno matatu alikuja kuyatunga mtu mwingine.

Bluetooth, yaani jino la bluu, ni lakabu ya mfalme: Harald wa Denmark, karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuziunganisha Denmark na Norwe. Jim Kardach wa Intel alilipendekeza mwaka 1997 liwe jina la muda tu la mradi wa kuunganisha simu na kompyuta. Majina rasmi waliyoyatarajia yakakwama kwenye masuala ya alama za biashara, la muda likabaki. Ile nembo ni herufi mbili za kale za Kiskandinavia, H na B zake, zimelaliana.

Mdau

Spamu je? Nasikia ni nyama ya kopo.

Mleta mada

Ni kweli, na njia yake kutoka kopo hadi kwenye barua pepe inaelezeka hatua kwa hatua.

Kopo hilo la nyama ya nguruwe lilianza kuuzwa na kampuni ya Hormel ya Marekani mwaka 1937. Wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake lilijaa Uingereza, ambako nyama nyingine iligawiwa kwa mgao. Mwaka 1970 kikundi cha wachekeshaji cha Monty Python kikaigiza mgahawa ambao kila chakula kina Spam ndani yake, na kundi la Waviking linaimba neno hilo hadi watu wengine hawasikilizani. Wapenzi wa kompyuta walikipenda sana kichekesho hicho. Walipoanza kuongea na kucheza michezo kwa maandishi mtandaoni miaka ya 1980, mtu aliyejaza skrini kwa maneno yaleyale hadi wenzake wasionekane walisema anafanya kama wale Waviking. Maana ya kwanza ya spamu ilikuwa kuzamisha sauti za wengine. Tangazo la biashara halikuwa sharti.

Machi 1993 programu moja kwenye Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano, iliyotengenezwa ili kufuta ujumbe usiofaa, ilipata hitilafu ikaanza kujijibu yenyewe na kumwaga ujumbe kama 200 mfululizo. Watu wakaiita spamu. Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani, Canter na Siegel, wakatupa tangazo lao la bahati nasibu ya green card kwenye maelfu ya makundi ya Usenet kwa mkupuo. Hasira iliyozuka ndiyo iliyoligandisha neno hili kwenye matangazo yasiyoombwa.

Tendo lenyewe lakini ni la zamani kuliko jina. Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya DEC, alitaka kuwaalika watumiaji wa ARPANET kwenye maonyesho ya kompyuta mpya. Orodha ya anwani, kama 400 hivi, ilikuwa ndefu kiasi kwamba nafasi ya anwani ilijaa, zilizobaki zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Wapokeaji walikuwa wanasoma anwani za watu kabla ya kufikia tangazo. Walilalamika sana, ila neno la kuliitia jambo hilo hawakuwa nalo.

Mdau

Emoji inatokana na emoshoni, sivyo?

Mleta mada

Hapana, ni Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Kufanana na emoshoni kumetokea tu. Kampuni ya simu ya J-Phone ilitoa seti ya emoji 90 mwaka 1997, na mwaka 1999 Shigetaka Kurita wa NTT DoCoMo akachora 176, kila moja ikiwa kwenye mraba wa nukta 12 kwa 12. Hebu jaribu kuchora mwavuli au uso unaolia kwenye nukta 144 uone kazi yake. Mwaka 2010 Unicode ikaziingiza kwa wingi kwenye orodha yake ya herufi za dunia, ndipo zikaanza kusomeka kwenye simu zote.

Sura za alama za uandishi ni kitu kingine, na zina tarehe kamili: 19 Septemba 1982. Kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon watu walikuwa wanataniana kwa kompyuta kuhusu lifti na zebaki iliyomwagika, na baadhi wakachukulia utani kuwa tahadhari ya kweli. Scott Fahlman akapendekeza utani uwekewe alama :-) na wasomaji waiangalie kwa ubavu. Kwa yasiyo utani akapendekeza :-( . Ujumbe wake ulipotea kwa miaka 20, wakaja kuuchimbua kwenye kanda za akiba mwaka 2002. Nausifu ujumbe huo kwa ufupi wake. Alitaja tatizo, akaweka dawa, akaondoka.

Mdau

La mwisho kwangu mkuu. Nikikosea anwani narudishiwa barua kutoka kwa "Mailer-Daemon". Mama alipoiona kwenye simu yake akanipigia kuuliza kama ni mambo ya kishetani.

Mleta mada

Mwambie mama awe na amani. Mwaka 1963, hukohuko MIT, wanaprogramu walihitaji jina la programu zinazofanya kazi kimya nyuma ya pazia bila mtu kuziamuru. Wakakumbuka mfano wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, wa kiumbe cha kufikirika kinachokaa kwenye mlango mdogo na kuchambua molekuli moja moja bila kuchoka. Kiumbe hicho wanafizikia walikuwa wamekipa jina la "demon". Wale vijana wakaandika kwa tahajia ya kale, daemon, kama Wagiriki walivyomwita roho aliye kati ya miungu na watu, anayeweza kuwa mwema.

Mailer-Daemon basi ni mtumishi wa posta. Amepeleka barua, amekataliwa mlangoni, ameirudisha kwako na sababu. Sababu hiyo iko kwenye namba iliyo ndani ya barua, na inafaa kuisoma. Ikianza na 4, kizuizi ni cha muda, kwa mfano seva ya upande wa pili imezidiwa, na programu huendelea kujaribu yenyewe. Ikianza na 5, imekataliwa moja kwa moja. 550 mara nyingi maana yake sanduku hilo halipo, kwa hiyo mama aangalie kwanza herufi zilizo kabla ya @.